Kitako Kipya cha Ruger 10/22: Uchambuzi wa Kisa Kimoja Kati ya Kisumu na Rochester

Mwenye bunduki katika kisa hiki ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mzaliwa wa Kisumu ambaye kwa miaka mingi ameuguza wagonjwa katika mji wa Rochester, jimbo la New York, na ambaye siku zake za mapumziko huzimalizia katika klabu ya kulenga shabaha. Mimi nilikuwa fundi wa silaha katika utumishi wa serikali hadi nilipostaafu, na kwa sababu hiyo maswali ya namna hii hunifikia hata nikiwa nyumbani. Alitaka kujua kama anunue kitako cheusi (yaani sehemu ya bunduki inayoegemezwa begani na kubeba chuma chake) alichokiona katika picha, chenye tundu la kupitishia kidole gumba na sura ya kijeshi, kwa ajili ya bunduki yake ya nusu otomatiki, ile inayojipakia yenyewe baada ya kila risasi, Ruger 10/22. Nilimjibu kwamba kitako ni dawa, na kwamba kwanza anieleze ugonjwa.

Bunduki yenyewe inafaa ielezwe, kwa maana sehemu kubwa ya uamuzi imo ndani yake. Ruger 10/22 iliingia sokoni mwaka 1964, inatumia risasi ndogo ya .22 Long Rifle, na magazini yake ya asili hubeba risasi 10 zilizopangwa kwa mzunguko, ndiyo maana haitokezi chini ya bunduki. Mtutu umeshikwa kwenye bodi ya chuma chepesi, yaani sanduku linalobeba mitambo ya kufyatulia, kwa kabari na skrubu mbili. Bodi nayo imefungwa kwenye kitako kwa skrubu moja tu, iliyo mbele ya magazini, na katika toleo la kawaida kuna pia pete inayoubana mtutu na ubao karibu na ncha. Urahisi huo wa skrubu moja umewafanya watengenezaji wengi kuunda vitako vya kubadilisha, kiasi kwamba mnunuzi huchoka kuchagua kabla hajaanza kufikiri. Urahisi huo huo ni udhaifu pia, kwa kuwa nyuma ya bodi hakuna skrubu ya pili, na ubao ukilegea au ukisinyaa hata kidogo, chuma hukaa mahali tofauti baada ya kila mshindo.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. Risasi kumi alizopiga kwa umbali wa yadi 50 zilitawanyika katika duara la upana wa karibu sentimita 7, ingawa alikuwa amekaa na bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga. Shingo ilimuuma baada ya muda mfupi. Tena alipochungulia katika darubini, picha iliingia kivuli cheusi upande mmoja, akalazimika kuhangaika na kichwa mpaka ikae sawa. Kati ya malalamiko hayo, la tatu ndilo lililonivutia zaidi, ingawa yeye alilitaja mwishoni kama jambo la kupita tu.

Kabla ya kuzungumza habari za kununua, nilimtaka atenganishe kosa la bunduki na kosa la mlengaji, kwa sababu kitako kinaweza kuhusika na yote mawili na mtu akayachanganya. Alihakikisha magazini imetoka na chemba ni tupu, akaikagua skrubu ya bodi, akaikuta inazunguka kwa nguvu ya vidole peke yake. Aliikaza. Kisha akaivua ile pete ya mtutu, ambayo katika bunduki yake ilikuwa imeuvuta mtutu upande mmoja dhidi ya ubao, akapiga tena kwa risasi za boksi lile lile. Duara likapungua hadi kama sentimita 4 na nusu. Hapo tayari tulikuwa tumepata faida ambayo watu wengi huihesabu kuwa ya kitako kipya, nayo haikugharimu hata senti moja.

Kilichobaki kilikuwa cha kichwa chake. Kitako cha kiwandani kiliumbwa kwa mtu anayelenga kwa vilengeo vya chuma vilivyo chini, karibu kabisa na mtutu, kwa hiyo ukingo wa juu, pale shavu linapolala, uko chini. Ukifunga darubini, jicho linatakiwa kupanda sentimita kadhaa, nao ubao haupandi. Mlengaji anaishia kuinua kichwa na kuegemeza kidevu badala ya shavu, na kidevu hakikai mahali pamoja mara mbili. Jicho likihama kutoka katikati ya darubini, alama ya kulengea huonekana kuhama juu ya shabaha ingawa bunduki haikusogea, isipokuwa pale tu umbali wa shabaha unapolingana na umbali ambao darubini ilipangiwa kiwandani. Darubini za bunduki ndogo mara nyingi hupangiwa yadi 50, na zile za bunduki kubwa za kuwindia yadi 100. Shemeji alikuwa ametoa darubini kwenye bunduki ya kuwindia ya rafiki yake. Kwa lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 40 iliyopangiwa yadi 100, mtu anayelenga yadi 50 anaweza, jicho likienda pembeni kabisa, kupotoka hadi sentimita moja kila upande. Kwa mtu anayehesabu duara la sentimita nne na nusu, hilo si jambo la kupuuzwa.

Bahati ilikuwa kwamba alikuja nyumbani mwezi wa Desemba. Bunduki ilibaki kwake Rochester, ikiwa imefungwa kabatini, nasi hatukuihitaji, kwani kilichohitaji kupimwa kilikuwa mwili wake. Tulikwenda kwa fundi wa makochi karibu na soko la Kibuye, tukamwomba kipande cha ubao wa saiprasi akikate mfano wa sehemu ya nyuma ya kitako, kuanzia mahali pa triga hadi begani. Mbele ya hapo niliagiza asiendelee. Ubao wenye umbo kamili la bunduki, ukipitishwa mkononi katika soko lenye watu wengi namna ile, ungeweza kuzua taharuki ambayo hakuna maelezo ya kitaalamu yangeituliza kwa wakati. Hata hivyo fundi alituangalia kwa mashaka, akauliza, "Mzee, hii ni kiti ama ni nini?" Juu ya ubao tulifunga kipande cha bomba la maji la plastiki, katikati yake ikiwa kimo kile kile ambacho darubini yake ilikuwa nacho juu ya ukingo wa shavu, kulingana na vipimo alivyokuwa amevichukua kule kwa rula.

Utaratibu wa kupima ni mwepesi, ila lazima ufanywe kwa uaminifu. Mlengaji hufumba macho, huweka kitako begani, hulaza shavu kwa namna inayompa raha shingo yake, halafu ndipo hufumbua. Asijirekebishe hata kidogo. Mara ya kwanza shemeji alipofumbua macho alikuwa anatazama ubavu wa bomba kwa chini. Tukaanza kubandika vipande vya kadibodi kwenye ukingo kwa utepe wa gundi, kimoja juu ya kingine, kila mara akirudia tangu mwanzo, hadi alipofumbua macho na kuona duara la upande wa pili likiwa katikati bila kutafuta. Nilipima kadibodi zile, zikawa milimita 18.

Urefu ulikuwa na utata zaidi. Umbali kutoka triga hadi mwisho wa kitako katika 10/22 ya kawaida ni inchi 13.5, yaani kama sentimita 34.3. Kuna kanuni ya zamani ya kuweka mwisho wa kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa na kuangalia kama kidole kinaifikia triga. Inafaa kwa mtu aliye dukani mwenye haraka, lakini haisemi lolote kuhusu shingo wala umbali wa jicho na darubini. Mimi huangalia nafasi kati ya pua na kidole gumba cha mkono wenye triga, kisha huangalia kama kichwa kimelala mbele bila kunyooshwa. Shemeji ni mrefu, ana mikono mirefu, na akiwa na fulana tulipata kwamba sentimita 36 ndizo zilizompa utulivu.

Fulana ndiyo iliyonitia wasiwasi. Huyu mtu halengi Kisumu. Nilimwuliza klabu yake iko ndani ya jengo au uwanjani, akasema wakati wa joto ni uwanjani, na wakati wa baridi pia hutoka nje siku ambazo theluji si nyingi. Basi tukamtuma nyumbani akalete koti lililomsafirisha, na saa saba ya mchana, katika joto la Kibuye, mtu mzima akasimama amevaa koti la manyoya akilenga bomba la maji, huku vijana wa bodaboda wakijikusanya. Koti lile lilikula sentimita moja na nusu ya urefu. Kwa maneno mengine, kitako chake cha kiwandani kilikuwa karibu kabisa na urefu wake wa majira ya baridi, na kifupi wakati wa joto. Hapo nikatambua kwamba tunatafuta kitako ambacho urefu wake unaweza kubadilika, na kwamba kimo cha shavu ndicho hitaji la kwanza kuliko vyote. Uzito wala sura havikuwa vimejitokeza popote katika vipimo. Teke la .22 ni dogo mno kuhitaji mpira mnene mwishoni mwa kitako, ingawa wauzaji hupenda kuutaja.

Fundi wetu, alipoelewa tunachofanya, alijitolea kuchonga kitako kizima kwa mvule. Nilitamani sana kusema ndiyo. Mvule una uzito unaokaribiana na ule wa mjozi, ambao ndio mti wa jadi wa vitako bora huko Ulaya na Marekani, haushambuliwi ovyo na wadudu, na hauchezi sana ukikauka vizuri. Una tabia mbili zinazomtesa mchongaji: nyuzi zake hupishana, hivyo randa huzing'oa badala ya kuzikata, na ndani yake mara nyingine hufichama vijiwe vigumu vya chokaa vinavyovunja makali ya patasi. Lakini fundi wa Nyanza anazijua tabia hizo tangu utotoni. Pingamizi langu lilikuwa jingine. Ubao uliokaushwa karibu na Ziwa Viktoria, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, ungepelekwa katika nyumba inayopashwa moto miezi mingi, ambako hewa ya ndani hukauka kupita kiasi. Ungesinyaa kwa upana, na skrubu ile moja ingelegea tena. Tungekuwa tumerudi kwenye ugonjwa wa kwanza kwa njia ya kupendeza zaidi.

Sheria nayo ilikuwa na neno. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kutengeneza au kukarabati bunduki kama biashara bila kusajiliwa kuwa mfanyabiashara wa silaha, na sehemu ya bunduki inapovuka mpaka hugusa sheria za nchi mbili kwa pamoja. Fundi wa makochi hakustahili kuingizwa katika jambo hilo kwa sababu tu shemeji yangu anapenda mbao za kwao. Msomaji wa Nakuru au Eldoret mwenye cheti cha bunduki, akitaka kubadilisha kitako, aanzie kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa na aulize Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kuagiza chochote. Kipimo cha ubao na kadibodi anaweza kukifanya nyumbani kwake bila kumwuliza mtu.

Sheria ya New York ilikata orodha ya shemeji kwa kisu kikali zaidi. Tangu mwaka 2013, katika jimbo hilo, bunduki ya nusu otomatiki yenye magazini ya kuchomoka inageuka kuwa silaha iliyokatazwa ikiwa na hata kimoja tu kati ya vitu kadhaa, na vinavyohusu kitako ni kitako cha kukunja au cha kusukumwa ndani na nje, mshikio wa bastola unaotokeza wazi chini ya bodi, tundu la kidole gumba, na mshikio wa pili wa mkono wa mbele. Watu wengi hudhani .22 imesamehewa kwa udogo wake. Katika California maneno ya sheria yanahusu bunduki za risasi ambazo ganda lake hupigwa katikati ya sehemu yake ya nyuma, kwa hiyo .22, ambayo hupigwa ukingoni, hukwepa kifungu hicho. Sheria ya New York haina ubaguzi huo kwa bunduki ya magazini ya kuchomoka. Kile kitako cheusi cha picha, chenye tundu la kidole gumba, kingemfanya muuguzi asiye na rekodi yoyote mbaya kuwa mhalifu kwa kuzungusha bisibisi. Tangazo lililokipamba halikutaja jimbo lolote.

Baada ya hapo vilibaki viwili vya kuzungumziwa kwa uzito, pamoja na chaguo la tatu ambalo ni kutonunua. Hilo la tatu lilistahili nafasi yake. Mto wa shavu wa kufunga kwa mkanda ungeweza kumpa milimita 18 kwa bei ndogo, na kipande cha nyongeza mwishoni mwa kitako kingempa urefu. Nilimshauri ajaribu kwanza kwa sponji ngumu na utepe atakaporudi, apime kama kweli kimo kinaponya. Alifanya hivyo Januari, na duara likashuka hadi kama sentimita 3. Lakini sponji ilihama kila baada ya magazini chache, na alipokagua ubao wa zamani kwa taa akaona ufa mwembamba kama unywele nyuma ya nafasi ya bodi. Ufa ndio ulioamua kwamba kitako kibadilishwe. Bila huo, ningesisitiza abaki na mto wa mkanda.

Cha kwanza kati ya viwili kilikuwa cha mbao za tabaka kutoka Boyds, kampuni ya Mitchell, South Dakota, ambayo hutengeneza vitako kwa tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Tabaka hizo hutulia katika unyevu na ukavu kuliko ubao mmoja mzima, nazo zina uzito unaomsaidia mtu anayelenga akiwa amesimama. Toleo lao la At-One hubadilisha urefu na kimo cha shavu kwa kubonyeza kitufe, na kwa mtu wa jimbo jingine ningelipendekeza bila kusita. Kwa New York, kitako ambacho urefu wake hubadilika kwa kubonyeza na kuvuta kinakaribia mno maelezo ya kitako cha kusukumwa, nami sioni sababu ya mtu kujenga hoja ya mahakamani kwa ajili ya sentimita moja na nusu. Matoleo yao yasiyorekebishika yalikuwa salama zaidi kisheria, lakini hayakutimiza hitaji letu la urefu wa aina mbili.

Cha pili kilikuwa Magpul Hunter X-22, cha plastiki ngumu. Urefu wake hubadilishwa kwa vipande vinavyowekwa kati ya kitako na kisigino chake, yaani bamba la mwisho linalogusa bega, na kukazwa kwa skrubu, kimo cha shavu kwa vifuniko vya vimo mbalimbali vinavyouzwa kando, na ndani ya mfereji wa mtutu kuna kipande cha kugeuza ambacho upande mmoja hupokea mtutu mwembamba wa kiwandani na upande wa pili mtutu mnene wa inchi 0.920. Jambo hilo la mfereji ni la kuangaliwa na kila mnunuzi, kwa kuwa kitako kilichochongwa kwa mtutu mnene huacha pengo kubwa lisilopendeza kwa mtutu mwembamba, na kilichochongwa kwa mwembamba hakiupokei mnene kabisa. Plastiki haina uzuri wa mbao, na begani haina joto lile. Kwa upande wa hali ya hewa, hata hivyo, haijali Januari wala Julai. Nilimtaka apeleke picha ya mshikio wake kwa muuzaji mwenye leseni wa jimboni kwake kabla ya kulipa, kwani umekunjika zaidi kuliko wa zamani, na ni vyema mtu anayeuza kila siku chini ya sheria ile ndiye aseme kuhusu umbo hilo. Alifanya hivyo, akaridhika, akaagiza.

Nilimwonya pia kuhusu zile nafasi za kufungia vifaa zilizo kwenye sehemu ya mbele ya kitako hicho. Zinakaribisha vitu vingi, ukiwemo mshikio wa wima wa mkono wa mbele, ambao katika jimbo lake unaangukia kwenye orodha ile ile.

Kubadilisha kulimchukua muda mfupi, isipokuwa pale ambapo bodi ilikataa kutoka. Hiyo hutokea kwa karibu kila mtu anayeifungua 10/22 mara ya kwanza. Kitufe cha usalama hupita upande hadi upande, na kikisukumwa hadi mwisho upande wowote hugonga ubao. Lazima kikae katikati, ndipo bodi iinuke kuanzia mbele. Wapo waliopasua vitako vizima kwa kulazimisha. Baada ya kufunga, alirekebisha darubini upya, kwa maana chuma kimelala mahali papya na risasi haziwezi kutarajiwa kuanguka zilipokuwa zikianguka.

Matokeo yake nayaeleza jinsi yalivyo. Akiwa ameketi kwenye mifuko ya mchanga, duara limebaki karibu lile lile la sponji, sentimita 3 au pungufu kidogo. Asiyejua historia angesema pesa zimepotea. Akiwa amesimama, ambako zamani risasi mbili tatu katika kila magazini zilitoka nje ya karatasi, sasa zote zinaingia, na shingo haimuumi. Kivuli katika darubini kimetoweka. Darubini ya rafiki ameirudisha na kununua moja iliyopangiwa yadi 50, hatua ambayo kwa maoni yangu ilistahili kutangulia kitako. Kisigino chenye vipande vya kuongeza urefu hukifungua mara mbili kwa mwaka: hutoa kipande koti linapotoka kabatini, na hukirudisha linapohifadhiwa. Skrubu ya bodi huikagua kila mara anapofanya hivyo.

Akisimama bado risasi zake huvutwa kidogo kushoto. Nimemwambia atume video ya kidole chake cha triga, maana kwa upande wa kitako sioni tena cha kurekebisha.